Hewa ya Mji: Tuanze na Moshi wa Nani?

Toleo lililopita niligusia kidogo jinsi takwimu na hesabu za kutafuta mpangilio bora, ile wanayoita optimaizesheni, zinavyoweza kusaidia mji kusafisha hewa yake. Maswali yamekuja mengi mno, nimechagua haya machache na mengine nimeyaunganisha kwa sababu yalikuwa yanauliza kitu kilekile.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma takwimu chuoni mwaka wa pili. Kila nikifungua maandishi ya optimaizesheni ya hewa nakutana na fomula tupu, sielewi hasa kinachotafutwa ni kitu gani. Si wapunguze tu moshi, hesabu za nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna mji unaoweza kupunguza moshi wote kwa mpigo, hela zina mwisho, mafundi wana mwisho na watu lazima wasafiri, wapike, viwanda navyo vifanye kazi. Kwa hiyo kinachotafutwa ni hiki: kwa fungu hili tulilonalo, tuanze na chanzo gani na kwa kiasi gani ili faida izidi mpangilio mwingine wowote ambao tungeweza kuuchagua. Hizo fomula zote ukizichambua zina vitu vitatu tu, kuna vitu unavyoweza kubadilisha, kuna masharti usiyoweza kuyavuka, na kuna lengo, yaani ile namba moja unayotaka ishuke au ipande. Na hapo kwenye lengo ndo watu wengi wanateleza, naomba tukae hapo kidogo.

Chukua mji wa kubuni, namba nazitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Mji una mafungu 10 ya fedha. Ukiweka fungu 1 kwenye vichujio vya kiwanda unapunguza tani 10 za vumbi laini, na kiwanda kinaweza kupokea mafungu 8 basi. Fungu 1 kwenye mabasi ya dizeli linapunguza tani 4, mwisho mafungu 6. Fungu 1 la kuzoa taka zisichomwe mitaani linapunguza tani 5, mwisho mafungu 3. Ukimwambia mtu apunguze tani nyingi iwezekanavyo atafanya nini? Mafungu 8 kiwandani, 2 kwenye taka, jumla tani 90, anapiga picha na kutangaza ushindi.

Sasa subiri kwanza. Kiwanda kina bomba refu na kiko pembeni ya mji, moshi wake unapaa, unachanganyika na hewa nyingi, ukifika kwa watu umeshapungua makali. Moshi wa basi unatoka usawa wa pua ya mtu aliyesimama kituoni. Tuseme kila tani ya kiwanda ina uzito wa 1 kwa mapafu ya watu, tani ya basi uzito wa 6, tani ya taka uzito wa 4. Piga tena. Fungu la kiwanda linakupa 10, la basi linakupa 24, la taka linakupa 20. Mpangilio umegeuka wote! Unajaza mabasi mafungu 6, taka 3, kiwanda kinabaki na 1, jumla yake 144 na 60 na 10, yaani 214. Ule mpango wa tani 90 ukiupima kwa kipimo hikihiki unapata 80 na 40, yaani 120 tu. Mpango wa pili umepunguza tani 49, karibu nusu ya ule wa kwanza, lakini umewakinga watu karibu mara mbili. Hesabu ni ileile, kompyuta ni ileile, kilichobadilika ni swali uliloiuliza. Mimi nikisoma mpango wowote wa hewa naanza kutafuta sentensi inayosema wanapunguza nini, na isipokuwepo huwa sina imani na kurasa zinazofuata.

Kuna zawadi nyingine humo ndani ambayo wengi hawaichukui. Masharti yenyewe yana bei. Ukipata fungu la 11 litaenda kiwandani, unaongeza 10. Lakini ukipata namna ya mabasi kupokea fungu la 7 (labda karakana nyingine, labda mafundi zaidi), unalitoa lile moja la kiwanda na kulipeleka kwenye mabasi, unaongeza 14 bila hela mpya hata senti. Hii wanaiita bei kivuli, na mara nyingi inamwambia meya jambo la maana kuliko jibu lenyewe, kwamba kinachombana si fedha, ni karakana.

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko idara ya mazingira ya manispaa. Tumepata vihisi 20 vya bei nafuu vya kupima PM2.5 na mkubwa wangu anataka vyote viwekwe barabara kuu kwa sababu ndo kwenye moshi. Mimi moyo unasita ila sina hoja ya kitakwimu.

JIBU: Salama kaka, na moyo wako uko sahihi. PM2.5 ni zile chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini, unywele wa mtu una mikromita kama 70, kwa hiyo ni ndogo kiasi cha kuingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Ukiweka vihisi vyote barabara kuu utaijua barabara kuu vizuri sana na hutajua chochote kuhusu hewa ya maelfu wanaoishi na kulala kwingine, halafu modeli yoyote utakayotengeneza itaamini mji mzima ni barabara.

Hoja ya kitakwimu ni hii. Vihisi viwili vilivyo karibu vinasema karibu kitu kimoja, cha pili kinakuongezea habari kidogo sana. Kuna njia inaitwa kriging, jina limetokana na Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini aliyekuwa anakadiria dhahabu iliyoko kati ya shimo na shimo, baadae Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia. Uzuri wake haikupi makadirio peke yake, inakupa na wasiwasi wa makadirio kila mahali kwenye ramani. Basi unafanya hivi, unaweka kihisi cha kwanza pale kitakapopunguza wasiwasi kwa kiasi kikubwa zaidi, unahesabu upya, unaweka cha pili, hivyo hivyo mpaka viishe. Kuangalia kila mchanganyiko unaowezekana wa sehemu 20 kati ya mia tano kompyuta haiwezi, lakini watafiti Nemhauser, Wolsey na Fisher walithibitisha mwaka 1978 kwamba kwenye matatizo ambayo kila nyongeza inaleta faida inayopungua, njia hii ya moja moja haishuki chini ya asilimia 63 hivi ya jibu bora kabisa, na kwa vitendo huwa inafanya vizuri kuliko hapo. Ushauri wangu ni kwamba wasiwasi wa kila sehemu uuzidishe na idadi ya watu wanaoishi pale, la sivyo hesabu itakupeleka kuweka vihisi pembezoni kabisa mwa ramani ambako hakuna mtu.

Na kabla hujavisambaza, tafadhali sana kaka, viweke vyote pamoja kando ya mashine rejea (ile ya kituo rasmi ambayo vipimo vyake vinaaminika) kwa wiki kadhaa. Hivi vihisi vya bei nafuu vinapiga mwanga na kupima unavyotawanywa na chembe, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe zinanyonya maji zinavimba, kihisi kinasoma vumbi kubwa kumbe ni ukungu wa asubuhi. Tengeneza rigresheni, yaani hesabu ya kukadiria namba ya mashine rejea kutokana na usomaji wa kihisi, unyevu na joto, halafu ijaribu kwa siku ambazo haikuziona wakati wa kujifunza. Kingine, bakisha kihisi kimoja au viwili pale pale kwenye mashine rejea moja kwa moja, kwa sababu vinachoka na kuanza kupotoka taratibu. Hii ni kazi inayochosha na haina picha ya gazetini lakini ukiiruka, optimaizesheni yote inayofuata inajengwa juu ya namba mbovu.

SWALI: Mtaalamu, kwetu barabara moja ilifungwa kwa magari na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba hewa imeboreka. Mimi naona mvua zilianza wiki ileile. Nitajuaje kama ni barabara au ni mvua?

JIBU: Umeona kitu ambacho watu wenye digrii zao wanakikosa. Hali ya hewa ina nguvu kuliko sera nyingi. Mvua inaosha chembe, upepo unazisukuma mbali, na tabaka la hewa ya joto likikaa juu ya hewa ya baridi linafunika moshi usipande. London Desemba 1952 baridi iliwafanya wakazi wachome makaa ya mawe zaidi, lakini kilicholeta balaa ni kifuniko hicho cha hewa, kiliwafungia moshi wao kwa siku kama tano na maelfu wakafa. Kwa hiyo kulinganisha mwezi kabla na mwezi baada bila kuondoa hali ya hewa ni kupima mawingu.

Unachofanya ni kuiuliza data swali lingine: mwezi huu, kwa upepo huuhuu na mvua hiihii, hewa ingekuwaje kama barabara isingefungwa? Unachukua data ya miaka miwili mitatu kabla ya kufunga, unaifundisha modeli itabiri uchafu kutokana na kasi ya upepo, uelekeo wake, joto, unyevu, mvua, saa, siku ya wiki na msimu. Wengi siku hizi wanatumia msitu wa miti ya maamuzi, yaani modeli nyingi ndogo za maswali ya ndiyo au hapana ambazo majibu yake yanaunganishwa, mbinu aliyoieleza Leo Breiman mwaka 2001, kwa sababu inavumilia uhusiano usionyooka, maana upepo ukitoka mita 1 kwa sekunde kwenda 3 unabadilisha mengi, ukitoka 8 kwenda 10 karibu hakuna kitu. Halafu unaipa modeli hali ya hewa ya mwezi baada ya kufunga, itabiri, na unatazama pengo kati ya utabiri na kilichopimwa. Pengo ndo kadirio la kazi ya barabara. Ongeza kituo kingine cha mbali ambacho kufungwa kwa barabara hakukigusi, pengo likitokea na kule pia basi kuna jambo lingine limetokea mji mzima.

Angalia sana ukubwa wa uhakika. Mwezi mmoja una saa 720 lakini hizo si ushahidi 720, hewa ya saa nne inafanana na ya saa tatu, na ukizichukulia kama zinajitegemea utapata uhakika wa uongo. Ukichota sampuli za marudio, yaani kuchota kutoka data ileile tena na tena ili kupima uhakika, chota siku nzima nzima au hata wiki, si saa moja moja.

Na uulize magari yalikwenda wapi. Mexico City walianza mwaka 1989 sheria ya kila gari kupumzika siku moja ya wiki kulingana na namba ya usajili. Mchumi Lucas Davis alipochambua vipimo vya hewa, utafiti wake ukatoka 2008, hakuona ushahidi kwamba hewa iliboreka, na magari yaliyosajiliwa yaliongezeka, watu walitafuta gari la pili, mengi ya mitumba. Kwenye karatasi ile sheria inapunguza magari kwa moja ya tano siku za kazi, lakini modeli iliyochukulia watu kama mawe haikuona wakinunua gari lingine.

SWALI: Nimesoma kwamba wakati wa kufungiwa ndani 2020 naitrojeni daioksaidi ilishuka miji mingi lakini ozoni ikapanda. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kabisa na ilipimwa sehemu nyingi. Hapa tunasema ozoni ya chini tunayoivuta, gesi inayoumiza mapafu, si ile ya juu angani. Moshi wa magari unatoa naitriki oksaidi ambayo inaila ozoni pale pale mjini, ukiuondoa ghafla bila kupunguza mvuke wa petroli, rangi na kemikali nyingine za kaboni, ozoni inakosa wa kuila. Ukiendelea kupunguza zaidi unafika mahali nayo inaanza kushuka, lakini katikati kuna kilima. Kwa mwenye kufanya optimaizesheni hili ni onyo kubwa, kwa sababu hesabu iliyonyooka kama ile ya mji wangu wa kubuni inafaa kwa vumbi linalotoka moja kwa moja kwenye bomba, haifai kwa uchafu unaozaliwa hewani. Hata PM2.5 yenyewe sehemu kubwa inaweza kuwa imezaliwa hewani, amonia ya mashambani inakutana na gesi za mjini zinageuka chembe.

Modeli za kemia ya hewa zinaujua mchezo huo ila kuiendesha mara moja tu kunaweza kuchukua saa nyingi au siku, huwezi kuiuliza mara elfu kumi. Kinachofanyika ni kuiendesha mara chache kwa mipangilio iliyochaguliwa vizuri, halafu unafundisha modeli nyepesi ya kitakwimu imwigize yule mkubwa, na utafutaji unafanyika kwa mwigizaji. Akikuletea jibu, lirudishe kwa modeli kubwa ulihakiki kabla hujamwambia mtu yeyote.

SWALI: Algorithimu ipi bora? Kwenye grupu letu la chuo tunabishana, wengine wanasema jenetiki, wengine mtandao wa neva, mmoja kashikilia simpleksi.

JIBU: Huyo aliyeshikilia simpleksi msimcheke. Mmarekani George Dantzig, mtaalamu wa hesabu, aliitoa mwaka 1947 na mpaka leo kama tatizo lako limenyooka, yaani gharama na faida zinaongezeka kwa uwiano, inakupa jibu bora lenye uthibitisho, na bei kivuli juu yake. Mtandao wa neva kazi yake ni kutabiri, si kuchagua, kwa hiyo hao wengine wanalinganisha vitu viwili tofauti. Jenetiki, ile inayochanganya mipango mizuri kizazi baada ya kizazi kama mbegu, inafaa uso wa tatizo ukiwa na vilima na mabonde kama ule wa ozoni, au malengo yakiwa mawili matatu yanayovutana, gharama, vifo, na muda wa safari. Hapo hutafuti jibu moja, unatafuta ule mstari wa Pareto, mkusanyiko wa mipango ambayo huwezi kuboresha lengo moja bila kuumiza lingine, na wanasiasa wakachague humo mbele ya wananchi. Ila haikuhakikishii kwamba umefika kileleni, iendeshe mara kadhaa kwa mianzo tofauti uone kama inarudi palepale.

Kwa taarifa yenu kazi hii si ya vitabuni tu. Taasisi ya utafiti ya kimataifa ya IIASA kule Laxenburg, Austria, ilitengeneza modeli ya RAINS iliyotafuta namna ya gharama nafuu ya kugawana upunguzaji wa uchafu kati ya nchi za Ulaya, na mazungumzo ya Itifaki ya Gothenburg ya 1999, mkataba wa nchi kupunguza uchafu wa hewa unaovuka mipaka, yaliitumia. Mrithi wake GAINS bado anafanya kazi.

SWALI: Mimi ni mama, mwanangu ana pumu na tunakaa karibu na makutano makubwa. Naambiwa wastani wa mji umeshuka. Mbona kwetu sioni tofauti? Hizo hesabu zenu zinamwona mwanangu?

JIBU: Pole sana mama, na nakushukuru kwa swali hili kuliko yote. Jibu la kweli ni kwamba hesabu inamwona mwanao ikiwa tu aliyeiandika amemwandika. Ukiagiza kompyuta ipunguze wastani, itapunguza wastani, na ikiona inapata faida kwa kusafisha mitaa mitano na kuuacha mmoja uendelee kuumia, itafanya hivyo bila kusita. Hata kupanga taa za barabarani kunaweza kuleta haya, magari yanaondolewa penye kihisi yanasukumwa kwenye mtaa usio na kihisi, namba inashuka na moshi umehamia kwa jirani.

Dawa yake ipo na si ngumu. Inaandikwa kama sharti, kwamba hakuna mtaa hata mmoja utakaovuka kiwango fulani, au hakuna mtaa utakaokuwa na hali mbaya kuliko ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha mwongozo wake wa PM2.5 kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na kwa sababu miji mingi iko mbali sana na hapo limeweka hatua za kati kuanzia 35, kwa hiyo sharti linaweza kuwa hatua ya kati iliyo na tarehe. Njia nyingine ni kuwapa uzito mkubwa watoto, wazee na wagonjwa kwenye lengo lenyewe. Sharti kama hilo litapandisha gharama, ndiyo, na bei kivuli itasema ni kiasi gani hasa. Mimi msimamo wangu ni kwamba hiyo gharama iwekwe wazi mezani na ilipwe, si kufichwa ndani ya wastani.

Wewe mama ukipata nafasi kwenye mkutano wa mtaa uliza mambo mawili, kihisi kilicho karibu na makutano yenu kiko umbali gani, na kwenye mpango wao ni kiwango gani cha juu ambacho mtaa mmoja unaruhusiwa kufika. Wakikujibu kwa wastani, rudia swali.

SWALI: Nina laptopu ya kawaida tu na hamu. Naanzia wapi?

JIBU: Laptopu inatosha. Kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kuna kifurushi cha openair, ni cha bure, kinachora uchafu kwa uelekeo wa upepo na mara nyingi mchoro huo mmoja unakuonyesha chanzo kiko upande gani. Kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta, kuna kifurushi cha PuLP kwa hesabu za mafungu kama zile za juu, jaribu kuuingiza mji wangu wa kubuni uone kama unapata 214. Kisha tafuta data ya mwaka mzima ya kituo kimoja, pamoja na upepo na mvua, na wiki za mwanzo usitengeneze modeli yoyote, chora tu, saa kwa saa, Jumapili kando na siku za kazi, mpaka uanze kutambua mwenyewe lini ni foleni ya asubuhi na lini ni mtu kachoma taka.